Kukimbia kwa Miguu ya Wengine

Walimu wenzangu, makocha, na nyinyi vijana mnaosomea ualimu wa michezo,

Timu ya mbio fupi inapotafutiwa kocha, swali la kwanza mezani huwa ni lile lile: yeye mwenyewe alikimbia kwa sekunde ngapi? Aliyekimbia mita 100 kwa 10.3 hupewa kazi kabla ya aliyekimbia kwa 11.2, na aliyefika Olimpiki huwapita wote wawili bila hata kuulizwa anajua kufundisha au la. Leo nataka kulishusha swali hilo kutoka nafasi yake ya kwanza. Silifuti, kwa maana lina haki yake. Ila nimeona likifunga mlango kwa watu waliostahili kuingia, na likiwafungulia wengine ambao hawakuwa na la kufundisha zaidi ya kusimulia fainali zao.

Mfano wangu ni Jamaika, kisiwa cha Karibi chenye watu wasiofika milioni tatu. Nimekichagua kwa sababu huko wakimbiaji wastaafu wameingia ukocha kizazi baada ya kizazi, wenye medali na wasio nazo, kwa hiyo tunaweza kuwapima. Nitasema habari za watu wawili hasa. Wa kwanza alikuwa miongoni mwa wakimbiaji wakubwa wa karne iliyopita. Wa pili alikimbia shuleni, akaona hafiki mbali, akaacha.

Herb McKenley alizaliwa mwaka 1922, akasoma Calabar, shule ya wavulana jijini Kingston, kisha akaenda Marekani, na Chuo Kikuu cha Illinois ndicho kilichomnoa. Kufikia Olimpiki ya London ya mwaka 1948 yeye ndiye aliyeshika rekodi ya dunia ya mita 400, sekunde 45.9, na karibu kila mtu alikuwa ameshampa dhahabu kabla mbio hazijaanza. Mlio uliposikika alitoka kama mtu wa mita 200. Aliongoza kona ya kwanza, akaongoza mnyoosho wa nyuma, akaongoza hadi wakatokea kwenye mnyoosho wa mwisho, na hapo miguu ikamgomea. Mjamaika mwenzake Arthur Wint, mrefu, mwenye hatua za twiga, akamfikia na kumpita. Wint 46.2, McKenley 46.4.

Miaka minne baadaye, Helsinki, alikimbia fainali ya mita 100. Yeye na Mmarekani Lindy Remigino walipewa muda ule ule, 10.4. Remigino mwenyewe alidhani ameshindwa, akaenda kumpongeza McKenley, mpaka picha ya utepe ilipoamua vingine. Katika mita 400 akapata tena muda sawasawa na mshindi, George Rhoden, 45.9 kwa 45.9, na akapewa tena fedha. Kisha zikaja mbio za kupokezana vijiti, 4 kwa 400. McKenley alikuwa mkimbiaji wa tatu. Alipokea kijiti Mmarekani akiwa ameshatangulia kwa mita zaidi ya kumi; akakimbia mzunguko wake kwa sekunde 44.6, jambo ambalo wakati ule lilisikika kama uongo, na akamkabidhi Rhoden kijiti akiwa mbele. Jamaika ilishinda kwa 3:03.9, rekodi ya dunia, moja ya kumi tu ya sekunde mbele ya Wamarekani.

Mtu wa namna hiyo anastaafu afanye nini? Wint alikuwa daktari, na baadaye akaiwakilisha nchi yake kama balozi huko Uingereza. McKenley alirudi uwanjani. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1973 alikuwa kocha wa timu ya taifa, na kwa miaka mingi zaidi ya hiyo alikuwa akisimama kwenye kiwanja cha shule yake ya zamani, Calabar, na saa mkononi, akiwahesabia wavulana mizunguko. Alifariki mwaka 2007.

Ninyi mnaofundisha mita 400 mnajua kwa nini zile mbio za 1948 ni somo zima. Msuli una akiba ndogo ya nguvu ya haraka, ambayo huisha ndani ya sekunde chache za mwanzo. Baada ya hapo mwili huchoma sukari bila hewa ya kutosha, na uchafu unaotokana na uchomaji huo hujazana msulini. Kwa mkimbiaji mzuri, bili hiyo huletwa karibu na mita ya 300. Huwezi kuikwepa, unaweza tu kuchagua ukubwa wake, na unauchagua katika mita 200 za kwanza, wakati bado unajisikia mzima kabisa. McKenley aliyajua haya kwa mwili wake, mbele ya uwanja uliojaa watu. Kocha aliyesoma vitabuni anamwambia kijana, "Usitoke kwa kasi sana." Aliyepitwa akiona dhahabu inaondoka anaweza kumweleza hiyo "sana" ni kasi ya namna gani, na inadanganya vipi.

Hiyo ndiyo haki ya lile swali la mezani. Hatari yake iko papo hapo. Mkimbiaji mkubwa ana mwili mmoja tu anaoujua kwa ndani, na mwili huo ni wa ajabu. Ndiyo maana akawa mkubwa. Akianza kufundisha, maneno yote yanayomjia ni ya mwili ule. "Inua goti hivi." "Sukuma ardhi hivi." Na kijana aliye mbele yake ana nyonga nyingine, urefu mwingine, woga mwingine. Nimewaona makocha wa jinsi hii, na pengine nanyi mmewaona: kila mwaka wanatafuta kijana anayefanana na wao, wakimkosa wanasema kizazi hiki ni kivivu.

Kilichomkinga McKenley, kwa maoni yangu, ni shule. Timu ya taifa hukuletea watu walioiva. Shule hukuletea mvulana mnene wa tufe, mwembamba asiyekula vizuri, na mwenye mbio ambaye baba yake anataka aache kukimbia asome. Huwezi kuwafundisha hawa wote mwili wako mmoja. Utashindwa wiki ya kwanza, na ukiwa na akili, utaanza kuwatazama.

Na sasa niingie kwa yule wa pili.

Glen Mills alizaliwa mwaka 1949. Akiwa na miaka 13 alianza kukimbia mbio fupi katika shule ya Camperdown, Kingston. Matokeo hayakumridhisha. Wengi wetu tungeishia hapo, tukaenda kutafuta mchezo mwingine au kuendelea na masomo. Mwalimu wake wa michezo akamvuta asaidie kuwafundisha wenzake, naye akakubali, na angali kijana mdogo akawa amehamia upande wa pili wa mstari. Hana medali ya kuning'iniza ukutani. Alichokipata mapema, ambacho bingwa hukipata akiwa na miaka thelathini na kitu, ni nafasi ya kutazama. Wakati vijana wa rika lake walikuwa wanajifunza namna ya kukimbia wao, yeye alikuwa anajifunza namna wanavyokimbia wengine. Kutoka hapo akawa mwanafunzi wa McKenley, na mwaka 1987 akawa kocha mkuu wa mbio wa taifa, nafasi aliyoishika hadi 2009.

Ili mwelewe alikulia wapi kikazi, lazima niseme neno kuhusu mashindano ya shule ya Jamaika, ambayo wenyewe huyaita Champs. Yalianza mwaka 1910 kwa wavulana. Hufanyika majira ya kuelekea Pasaka, na Uwanja wa Taifa wa Kingston hujaa watu, wazee kwa vijana, wakiimba nyimbo za shule walizomaliza zamani. Anayeshinda mita 100 pale hujulikana kisiwa kizima kabla ya kujulikana na kocha wa taifa. Nyinyi mnaoleta timu kwenye UMISSETA mnajua ladha ya jambo hili, ila fikirieni UMISSETA ambayo mashabiki wananunua tiketi, magazeti yanaandika kurasa nzima, na mwalimu wa michezo anaweza kufukuzwa kama kocha wa Simba au Yanga. Shinikizo hilo lina ubaya wake, maana watoto huchoshwa mapema. Lakini linatengeneza kazi. Mkimbiaji anayestaafu anajua kuna shule itakayomtaka.

Camperdown chini ya Mills ikawa shule ya kuogopwa katika mbio fupi. Kutoka hapo alitokea Raymond Stewart, aliyeingia fainali za mita 100 za Olimpiki tatu mfululizo, 1984, 1988 na 1992, na kupata fedha ya kupokezana vijiti Los Angeles. Nitarudi kwa Stewart, kwa sababu habari yake haikuishia vizuri.

Mwishoni mwa 2004 kijana mmoja alikuja kwa Mills akiwa na sifa kubwa na mwili uliovunjika. Usain Bolt alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mita 200 akiwa na miaka 15 tu, mjini Kingston, 2002. Akiwa na 17 alikimbia 19.93, akawa kijana wa kwanza chini ya miaka 20 kushuka chini ya sekunde 20. Kisha Athens, Olimpiki ya 2004, akatolewa raundi ya kwanza akiwa majeruhi. Kisiwa kilianza kunung'unika: mvivu, anapenda starehe, ameharibika.

Mills alitazama mgongo. Bolt ana uti wa mgongo uliopinda, na urefu wake ni mita 1.95. Kila anapokanyaga, nyonga zake hazikai sawa, na msuli wa nyuma ya paja ndio unaolipa. Juu ya hilo alikuwa akikimbia ameegemea nyuma, kichwa na mabega yakibaki, miguu ikitangulia, kwa hiyo kila hatua ilikuwa na breki kidogo ndani yake. Kocha mwenye haraka angemwongezea mbio. Mills alimpunguzia mbio na kumwongezea kazi ya tumbo, kiuno na mgongo, siku baada ya siku, kazi isiyo na shangwe ambayo Bolt mwenyewe hakuipenda, na alikuwa akimrekodi kwa video ili amwonyeshe mwili wake. Daktari wa Ujerumani, Müller-Wohlfahrt, alihusishwa katika matibabu. Mwaka 2005, kwenye mashindano ya dunia ya Helsinki, Bolt aliingia fainali ya mita 200, akaumia njiani na kumaliza wa mwisho. Hebu fikirieni kocha wa hapa kwetu ambaye mwanafunzi wake mwenye kipaji kuliko wote anamaliza wa nane, karibu mwaka mmoja baada ya kukabidhiwa. Angekuwa bado na kazi?

Mills alibaki na kazi, na alibaki na mpango wake. Alitaka Bolt akimbie mita 200 na 400. Bolt aliichukia 400 na mazoezi yake, akataka 100. Wakaafikiana: vunja kwanza rekodi ya taifa ya mita 200, kisha tutaongea. Rekodi hiyo, 19.86, ilikuwa ya Don Quarrie tangu 1971, naye Quarrie alitokea Camperdown vilevile. Mwaka 2007 Bolt alikimbia 19.75. Mills alitimiza ahadi, na huko Krete Bolt akakimbia mita 100 za kwanza za maana kwa 10.03. Mwezi Mei 2008, New York, akakimbia 9.72, rekodi ya dunia. Beijing 9.69. Berlin, Agosti 2009, 9.58 na 19.19.

Hizi namba mbili za mwisho mnazijua. Ninachotaka mtazame ni kwamba mtaalamu alibadilisha mawazo. Mipango yote ya Mills ilikuwa ya mita 200 na 400, na hoja zake zilikuwa nzuri: mrefu mno kwa vibao vya kuanzia, mgongo haufai kwa mwanzo wa nguvu. Kocha aliyekuwa bingwa wa 400 angeona kukataa kwa kijana kama tusi kwa mbio alizozipenda. Mills hakuwa bingwa wa chochote. Hakuwa na mbio za kuzitetea.

Miaka miwili baada ya Berlin alijikuta na shida ambayo makocha wengi wangeitamani: mabingwa wawili katika klabu moja, Racers, wakifanya mazoezi kwenye kiwanja kimoja cha Chuo Kikuu cha West Indies, eneo la Mona. Daegu, 2011, Bolt alitoka kabla ya mlio katika fainali ya mita 100, akaondolewa. Aliyeshinda, kwa 9.92, ni Yohan Blake mwenye miaka 21, pia wa Mills. Mwaka uliofuata Blake akamshinda Bolt katika mchujo wa Jamaika mara mbili, kwenye 100 na kwenye 200. Kocha anafanya nini siku hiyo? Nani anamfuta jasho nani? Wiki chache baadaye, London, Bolt alishinda zote mbili, Blake akiwa wa pili kote, na kwenye mita 200 wa tatu alikuwa Warren Weir, wa Racers vilevile. Jukwaa zima la mita 200 lilitoka kwa mtu mmoja aliyeacha kukimbia kwa sababu hakuwa na mbio za kutosha.

Sasa Stewart. Aliyekuwa mwanafunzi bora wa Mills naye aliingia ukocha, huko Marekani, na mwaka 2010 alifungiwa maisha kwa kosa la kusambaza dawa zilizokatazwa kwa wanariadha. Mwenye fainali tatu za Olimpiki, mwenye mwalimu mzuri, mwenye mwili ulioujua uchungu. Hakuna kati ya hayo lililomkinga. Na kwa upande wa Racers, Blake na wenzake kadhaa walifungiwa miezi mitatu mwaka 2009 kwa kichangamshi, kisha 2013 wakala wa dunia wa kupambana na dawa alituma wakaguzi Jamaika kwa sababu upimaji wa nchi hiyo ulikuwa umelegea. Ninayasema haya kwa sababu nimechoka na mihadhara inayokwenda Kingston na kurudi na asali tupu. Ukocha ni mamlaka juu ya mwili wa mtu mwingine, mara nyingi mtoto, na anayekabidhiwa apekuliwe kama tunavyompekua mweka hazina.

Turudi kwenye mfumo ule wa Jamaika unaowapa wastaafu kazi, kwa kifupi. Chuo cha walimu wa michezo cha Jamaika, kilichojengwa kwa msaada wa Kuba na kufunguliwa mwaka 1980, kinaitwa G. C. Foster. Foster alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi aliyepanda meli ya ndizi kwenda London kwenye Olimpiki ya 1908. Akakataliwa kushindana kwa sababu nchi yake haikuwa mwanachama. Alirudi nyumbani akawa kocha. Dennis Johnson, aliyeifikia rekodi ya dunia ya yadi 100 mwaka 1961 akiwa Marekani, alirudi akaanzisha programu ya riadha katika chuo cha ufundi cha Kingston, ili vijana wasilazimike kwenda ng'ambo kutafuta kocha. Viwanja vyao vingi vilikuwa vya nyasi. Nyasi tunazo.

Na wakimbiaji tulikuwa nao. Seraphino Antao wa Mombasa alishinda yadi 100 na yadi 220 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Perth, 1962, dhahabu za kwanza za Kenya katika michezo hiyo, na Tokyo 1964 ndiye aliyebeba bendera ya nchi iliyokuwa imepata uhuru juzi tu. Baadaye alihamia Uingereza, na alifariki London mwaka 2011. Sisemi aliondoka kwa ajili ya riadha. Kila mtu ana sababu zake. Lakini wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa, na mimi huwa najiuliza nani angemtunza Antao pale Mombasa, kwa mshahara wa nani, kwenye kiwanja cha shule gani.

Najua hoja itakayokuja kwenye maswali, basi niitangulie. Stephen Francis, kocha wa klabu ya MVP, mpinzani mkuu wa Mills hapo Kingston, hakuwa mkimbiaji kabisa. Shuleni alikuwa mrusha tufe na kisahani, na alisomea biashara. Aliwafundisha Asafa Powell na Shelly-Ann Fraser-Pryce. Je, hilo halivunji habari yangu yote? Linaipunguza, nakubali. Ninachodai mimi ni kidogo kuliko mnavyofikiri: kwamba kukimbia kunampa kocha kitu, na kushindwa kukimbia pia kunampa kitu, na hakuna kati ya hivyo viwili kinachofanya kazi mpaka awe amesimama miaka mingi kwenye kiwanja kilichojaa watoto wasiofanana naye. Francis alisimama hapo vilevile.

Septemba 2025, kwenye mashindano ya dunia ya Tokyo, wanafunzi wa watu hawa wawili walikutana katika fainali ya mita 100. Kishane Thompson wa Francis alikimbia 9.82. Oblique Seville wa Mills, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa wa mwisho kwenye fainali ya Olimpiki ya Paris, alikimbia 9.77 na kuwa bingwa wa dunia. Sekunde 9.77 ndizo alizokimbia Ferdinand Omanyala pale Kasarani, Nairobi, Septemba 2021, na bado ni rekodi ya Afrika. Omanyala aliingia riadha akitokea kwenye raga, akiwa tayari mtu mzima. Sijui kama shule aliyosoma ilikuwa na mtu wa kumwambia mapema kwamba ana mbio. Ningependa tuanze maswali yetu na hilo: katika wilaya mnazotoka, ni mkimbiaji gani mstaafu, mwenye medali au asiye nayo, ambaye leo jioni angekuwa uwanjani kama kungekuwa na mtu wa kumlipa?